Mvua imeingia kwenye pipa la kufukizia: kidari kigumu na kichungu, kipimajoto na blenda vimelowa

mpishi_uani (Dar es Salaam)

Wakuu, naomba msaada wa haraka kwa wenye uzoefu wa kufukiza nyama, na mafundi wa umeme pia.

Kidari cha ng'ombe, kilo 5 na ushee, kiliingia kwenye pipa la lita 200 saa 12 asubuhi. Mkaa wa mgunga, vipande vya mwembe kwa ajili ya moshi, joto la pipa kati ya nyuzi 110 na 120. Saa 6:40 mchana sindano iliyo ndani ya nyama ilisoma 71. Saa 7 mvua ikashuka na upepo, maji yakaingia kwa juu kupitia bomba la moshi na kwa chini kupitia matundu ya hewa, moto ukazima. Kifuniko hakikufunguliwa. Saa 8:20 moto ukawashwa upya kwa mkaa na kuni zilizonyeshewa, moshi ukatoka mweupe, mzito. Saa 9 kipimajoto kikaonyesha 94, nyama ikatolewa.

Kipande cha pembeni hakitafuniki. Gamba la nje ni chungu na linaacha ganzi kwenye ulimi, na upande wa chini umepakaa majivu yaliyorushwa na mvuke. Sasa hivi imefungwa foili, iko kwenye oveni ya gesi, moto mdogo kabisa. Haikudungwa viungo kwa bomba la sindano, ni chumvi na pilipili manga juu tu.

Vilivyolowa mezani: kipimajoto cha kidijitali chenye sindano mbili za waya (betri mbili za AAA), mizani ya jikoni ya kidijitali, kitako cha blenda, kipulizi cha mkaa cha volti 12 na adapta yake, na ekstensheni. Maji yenyewe yamechanganyika na majivu na mafuta. Betri bado zimo ndani.

Nyama bado ni salama? Ugumu na uchungu vinatibika? Na kwenye vifaa, kipi kifunguliwe, kipi kitupwe?

koili_moja

Nyama inaweza kusubiri dakika kumi, umeme hausubiri. Kama ekstensheni bado imechomekwa ukutani, usiiguse, na usichomoe plagi ukiwa umesimama kwenye sakafu yenye maji. Nenda kwenye meni swichi, zima breka ya tundu hilo (kama huijui ni ipi, zima zote), ndipo uchomoe.

Kisha toa betri zote, hata kabla ya kufuta maji. Bodi huuawa pale maji yanapokutana na umeme. Volti 3 za hizo AAA mbili zinatosha kula njia za shaba kwa usiku mmoja, na maji ya majivu yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba. Usibonyeze kitufe chochote eti kuangalia kama bado inawaka.

Adapta ya kipulizi usiifungue leo. Kapasita yake kubwa (kipande kinachohifadhi umeme) hubeba takriban volti 320 za DC na inaweza kuzishikilia kwa muda baada ya kuchomolewa.

bucha_na_moshi

Mkuu, tuanze na usalama, kwa sababu ugumu una dawa.

Mwongozo wa Idara ya Kilimo ya Marekani, ambao wafukizaji wengi hufuata, unataka chakula kisikae kati ya nyuzi 4 na 60 kwa zaidi ya saa 2. Hewa ikizidi 32, ni saa 1. Hesabu yako iko hivi: moto ulipozima, katikati ya nyama kulikuwa na 71. Kipande cha kilo 5 kikifunikwa ndani ya pipa ambalo bado lina joto hakishuki hadi 60 haraka. Kinachopoa mapema ni uso wake. Kutoka saa 7 hadi saa 8:20 ni saa 1 na dakika 20, na uso ulikuwa chini ya 60 kwa sehemu tu ya muda huo. Tena uso huo ulikuwa umekaa kwenye joto la 110 tangu asubuhi, kwa hiyo bakteria walio hai walishakufa. Wanaobaki ni mbegu za Clostridium perfringens, ambazo hustahimili kupikwa na huamka nyama ikipoa polepole, lakini saa moja na kitu haitoshi kuleta madhara ikiwa utaipandisha joto tena sasa.

Kwa maoni yangu inalika. Nasema hivyo kwa sababu tatu: ile 71 ilisomwa kabla ya mvua, kifuniko hakikufunguliwa, na nyama haikudungwa. Ingekuwa imedungwa, imeviringishwa, au ni nyama ya kusaga, bakteria wa nje wangekuwa wameshaingia ndani na hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Na kama moto ungezima saa mbili za mwanzo, katikati ikiwa bado 30 au 40, na ukaja kuugundua baadaye, ningekuambia tupa. Staphylococcus akishaweka sumu yake, kuchemsha kunamuua yeye, sumu inabaki.

Sasa, ile 94 usiiamini. Kilo 5 za nyama haziwezi kutoka sitini na kitu hadi 94 ndani ya dakika 40 kwenye pipa la 120. Fundi atakueleza namba hiyo imetoka wapi. Mimi nakuambia nyama yako iko karibu na 70, na ndiyo maana haitafuniki. Kidari kina kolajeni nyingi (tishu ngumu inayoshikilia misuli), na kolajeni inaanza kulegea karibu na 70 lakini inahitaji saa kadhaa kugeuka utomvu laini. Wanaokitoa kikiwa laini hukitoa kati ya 90 na 96.

Uchungu na ganzi ya ulimi ni lami ya moshi. Mkaa uliolowa haushiki vizuri, kuni mbichi au zilizolowa zinafuka bila kuwaka, na moshi mweupe unabeba matone ya lami yanayoganda juu ya kitu chochote chenye ubaridi na unyevu. Nyama yako wakati huo ilikuwa imepoa juu na ina maji, yaani ilikuwa tayari kupokea kila kitu. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, wa samawati, unaouona kwa shida.

Fanya hivi. Toa nyama, pandisha oveni hadi 140 na uiache ipate moto wakati unafanya kazi. Futa majivu kwanza kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya vuguvugu na siki, nusu kwa nusu. Majivu yana magadi, ukiyaacha nyama itakuwa na ladha ya sabuni. Usihangaike kuosha uchungu, lami haitoki kwa maji. Chukua kisu chembamba chenye makali, menya gamba la nje unene wa milimita 2 hadi 3 pande zote. Penye mafuta menya zaidi, kwa sababu lami hupenda mafuta. Onja kipande cha ndani, kikubwa kama ukucha. Kikiwa hakina uchungu, umeokoa nyama yote.

Irudishe kwenye foili tabaka mbili pamoja na mililita 200 za supu ya mifupa isiyo na chumvi, funga kabisa, oveni 140, saa 2 na nusu hadi 3 na nusu. Ng'ombe wetu wa kienyeji hana mafuta katikati ya nyuzi kama yule wa Texas anayelishwa nafaka, kwa hiyo ukiiweka wazi itakauka kabla haijalainika. Kwa kuwa kipimajoto hakiaminiki, tumia kijiti cha mshikaki: kidunge sehemu nene na sehemu nyembamba, kikiingia kama kwenye siagi, imeiva. Kikikwama upande mmoja, funga urudishe nusu saa nyingine. Kisha ipumzike ikiwa kwenye foili hiyohiyo, imeviringishwa taulo ndani ya boksi la kuhifadhia barafu (bila barafu), dakika 45 hadi saa nzima.

Kata kukatisha nyuzi, unene wa milimita 5 au 6. Kidari kina misuli miwili iliyolaliana na nyuzi zake zinaelekea pande tofauti. Ukifika zinapokutana, geuza nyama ndipo uendelee kukata.

Ikiwa kile kipande ulichoonja cha ndani bado kina uchungu, achana na kukioka kizima. Kata vipande vya sentimita 4, weka kwenye preshakuka na maji yanayofunika nusu, chemsha dakika 10 bila kufunga, onja maji. Yakiwa machungu yamwage na uweke mapya. Uchungu unahamia kwenye maji. Kisha nyanya nusu kilo, vitunguu 2, ukwaju gramu 50 ulioloweka kwenye mililita 150 za maji moto na kuchuja, na kijiko kimoja cha mezani cha sukari guru. Funga, dakika 35 hadi 40 tangu ianze kupiga. Chumvi weka mwisho baada ya kuonja, gamba lililobaki lina chumvi yake. Mafuta yaliyodondoka ndani ya pipa usiyatumie kwa mchuzi, yamejaa lami.

Itakayobaki isambaze kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5, iingie friji ndani ya saa 2. Iliwe ndani ya siku 3 au 4, na ukipasha ifike 74.

mpishi_uani

Meni imezimwa, ekstensheni imechomolewa, betri zimetoka. Nyama imemenywa, kipande cha ndani hakina uchungu. Imerudi oveni na supu. Nasubiri mafundi.

mama_wa_mtaa

Vifaa vyote zika kwenye mchele siku tatu dada/kaka, vitawaka.

fundi_mota

Mchele uacheni uliwe. Hauvuti maji kuliko hewa inayotembea, na hapa tatizo kubwa ni uchafu. Maji yakikauka yanaacha chumvi za majivu na mafuta juu ya bodi, na hizo chumvi zikipata unyevunyevu wa Dar zinapitisha umeme tena. Mchele pia unaacha vumbi la wanga kwenye matundu ya plagi. Kifaa kilichoingia maji machafu lazima kioshwe kwanza, ndipo kikaushwe.

Naenda kwa kila kimoja.

Kipimajoto. Fungua kitako, mara nyingi ni bisibisi ya nyota namba 0 au 1, na skrubu moja hujificha chini ya stika au ndani ya chumba cha betri. Piga picha kabla ya kutoa chochote. Bodi ioshe kwa maji safi, yaliyochemshwa na kupoa ni bora, ukisugua taratibu kwa mswaki laini, kisha ioshe kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, ile mafundi simu wanayosafishia. Ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, inafaa kusafishia ila itahitaji muda mrefu zaidi kukauka. Spiriti ya hospitali iache, nyingine zina mafuta ya mbarika na zinaacha utando. Kioo usikizamishe, futa pembeni yake tu. Ule ukanda wa mpira wenye mistari myeusi unaounganisha kioo na bodi usiuvute. Ukisogea, tarakimu zitakosa vipande.

Angalia vibati vya betri. Ukiona unga mweupe, betri ilishavuja: ni magadi makali, yapake siki au limau kwa kijiti cha pamba, yatoe povu, halafu malizia kwa alkoholi. Kijani kwenye shaba kwangua kwa upole. Kausha mbele ya feni ya kawaida, kivulini, saa 24 hadi 48. Usitumie jua kali, kioo kitaungua, wala mashine ya kukaushia nywele iliyo karibu. Joto la bodi lisizidi 50.

Sindano za waya ndizo zilizokudanganya. Ndani ya ncha kuna kihisio ambacho ukinzani wake, yaani namna kinavyozuia umeme kupita, hupungua joto likipanda. Maji hupenya pale waya wa kusuka unapoingia kwenye bomba la chuma, yanapanda kwa ndani, na yanakuwa njia ya pili ya umeme pembeni ya kihisio. Njia mbili sambamba zinashusha ukinzani wa jumla, bodi inadhani joto limepanda. Kwa hiyo sindano iliyolowa husoma juu, na mpishi hutoa nyama mapema. Ikilowa sana inaandika HHH, na hapo angalau unajua kuna shida. Hatari ni ile iliyolowa kidogo.

Una multimita (mita ya kupimia umeme)? Gusisha ncha zake kwenye jeki (plagi ndogo ya waya) ya kila sindano zikiwa mezani, andika hapa ukinzani.

Mizani. Toa betri, fungua chini. Vile vyuma vidogo vyenye gundi nyeupe ni vihisio vya uzito. Usivisugue wala kuvipinda, viloweshe alkoholi tu na kuviacha vikauke saa 48. Kuipima: weka sufuria tupu, rudisha sifuri, mimina lita moja ya maji iliyopimwa kwa chombo cha kuaminika. Isome karibu na gramu 1,000, na isisogee kwa dakika tano. Ikisoma sawa kisha ikaanza kutambaa gramu mbili, tano, kumi, bado kuna unyevu chini ya gundi. Irudishe kwenye feni. Ikiendelea kutambaa baada ya hapo, nunua nyingine, haina haja ya kupoteza muda.

Blenda. Igeuze juu chini maji yatoke, fungua kitako, puliza kwa hewa isiyo na shinikizo kubwa. Mota yake ina makaboni mawili, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Yatoe, yafute, yakaushe, na andika lipi lilikuwa upande gani kwa sababu yameshachongeka kulingana na upande wake. Koili ikauke siku 3 hadi 5. Kabla ya kuiwasha weka multimita kwenye kipimo cha megaomu 20, ncha moja kwenye pini ya plagi, nyingine kwenye shimoni ya chuma inayozungusha kisu, swichi ikiwa imebonyezwa. Kipimo hiki ni cha kukisia tu, kwa sababu multimita inatumia volti chache; kipimo cha kweli ni mega ya volti 500 (mita ya kupimia uvujaji wa umeme), fundi yeyote wa kufunga koili anayo. Chini ya megaomu 1 haiwashwi.

Kuwasha mara ya kwanza ni kwa taa ya siriz, yaani balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo na tundu. Ikiwaka kwa nguvu kamili na mota haizunguki, kuna shoti, chomoa. Ikiwaka hafifu na mota inajaribu kuzunguka, uko salama kuendelea. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Ekstensheni: tupa, au kata waya utumie plagi mpya. Vibati vya ndani vikishika kutu mguso unakuwa mbaya, vinapata moto, plastiki inayeyuka mwezi ujao wakati umeshasahau. Adapta ya volti 12 nayo naiweka kundi hilohilo, bei yake haistahili hatari ya kuifungua. Kipulizi chenyewe kioshe, kikaushe, kipime kwa betri ya volti 12.

Kwa wasomaji wengine: maikroweivu iliyoingia maji msiifungue nyumbani, kapasita yake ina maelfu ya volti. Na kifaa chenye betri ya lithiamu iliyovimba kipelekwe nje, mbali na kitu kinachoshika moto. Kisichajiwe tena hata kikionekana kikavu.

mpishi_uani

Vipimo: sindano ya nyama kilo-omu 24, sindano ya pipa kilo-omu 86. Chumba kina nyuzi 28 hivi. Blenda, kati ya pini na shimoni, megaomu 0.6.

Kijiti kinaingia vizuri upande mnene wenye mafuta, upande mwembamba bado kinakwama.

fundi_mota

Majibu yako yanajieleza. Sindano nyingi za aina hii zina kilo-omu 100 kwenye nyuzi 25. Kwenye 28 zinatakiwa kuwa karibu na 88. Ya pipa iko sawa. Ya nyama iko mezani lakini bodi ingeisoma kama nyuzi 60.

Sasa rudi mchana. Nyama ikiwa 70, sindano nzima ina takriban kilo-omu 17 na nusu. Weka pembeni yake njia ya maji yenye kilo-omu 15 au 16, jumla inashuka hadi 8 na kitu, na bodi inatafsiri hiyo kuwa 94. Hapo ndipo ilipotoka namba yako.

Dawa yake ni joto. Futa sindano, ilaze kwenye wavu wa oveni, 120, saa nzima, jeki ya plastiki ikiwa nje ya mlango. Angalia kwanza waya ni wa kusuka chuma na sio wa plastiki. Wa plastiki usiuoke. Maji yatatoka kwa mvuke kule yalikoingilia. Iache ipoe chumbani, pima tena. Ikirudi 80 na kitu, imepona. Ikibaki chini ya 70, rudia mara moja zaidi, kisha nunua sindano peke yake yenye jeki na ukinzani uleule.

Blenda bado imelowa. Usiiwashe. Endelea na feni.

bucha_na_moshi

Upande mwembamba ukikwama ni kawaida, hauna mafuta wala kolajeni nyingi kama ule mnene, na ndio unaokauka mapema. Ongeza mililita 100 za supu ya moto, funga tena, nusu saa. Ukiwa bado mgumu baada ya hapo, tenganisha misuli miwili: mnene upumzike, mwembamba ukatwe vipande na uende preshakuka. Usiusubirie hadi mnene nao uharibike.

mpishi_uani

Siku ya pili. Upande mwembamba uliishia preshakuka na ukwaju, ule mnene ulikatika vizuri. Hakuna uchungu.

Sindano ya nyama baada ya oveni: 85. Mizani inasoma 996 kwa lita moja na haisogei. Blenda sasa megaomu 4. Kipulizi kinazunguka kwa betri ila kinalia. Nikitaka kuhakiki kipimajoto kabla ya kukitumia tena, maji yanayochemka yanatosha?

mgunga_arusha

Yanatosha ukiwa Dar, kwa kuwa uko usawa wa bahari na maji yanachemka 100. Huku Arusha, karibu mita 1,400 juu, yanachemka kwenye 95. Nairobi ni kama 94. Watu wa mikoa ya juu wanaona 94 au 95 wanadhani kifaa kimeharibika, wanakitupa bure.

Usiishie kwenye maji ya moto peke yake, lakini. Jaza glasi barafu iliyopondwa hadi juu, mimina maji baridi yajaze nafasi, koroga, subiri dakika 3, ncha ya sindano iwe katikati bila kugusa glasi. Isome 0, na tofauti ya nyuzi 1 inakubalika. Njia ndogo ya maji iliyobaki ndani ya sindano inajificha kwenye joto kali na kuonekana kwenye barafu, kwa sababu hapo kihisio kina ukinzani mkubwa, zaidi ya kilo-omu 300, na uvujaji kidogo tu unaivuruga namba. Barafu ikisoma 4 au 5 na maji ya moto yakasoma sawa, irudishe oveni.

fundi_mota

Sahihi kabisa. Na 996 kwa lita moja ni sawa, maji ya vuguvugu ni mepesi kidogo kuliko ya baridi.

Blenda ya megaomu 4 ipeleke kwenye mega kama kuna fundi jirani, la sivyo siriz, kisha iendeshe bila jagi sekunde 10, pumzika, sekunde 30. Cheche chache za samawati kwenye makaboni ni kawaida. Duara zima la moto wa njano si kawaida, zima.

Kipulizi kinacholia kimeoshwa mafuta ya bushi (bomba dogo ambamo mhimili wake huzungukia). Bandua stika ya katikati, tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole, rudisha stika. Matone mawili ni mengi, yataruka kwenye mkaa.

koili_moja

Pipa nalo msilisahau. Majivu yaliyolowa yakikaa ndani ya chuma usiku mmoja yanaanza kula. Yakwangue yote, kausha kwa moto mdogo wa kuni kavu kifuniko kikiwa wazi, paka mafuta ya kupikia safu nyembamba kwenye wavu na ukuta wa ndani ukiwa bado na joto. Wavu ukiwa wa mabati uliopakwa zinki, ubadilishe na wa chuma kitupu au kisichoshika kutu, huu ndio wakati wake.

Bomba la moshi liwekee kofia ya bati iliyoinuliwa sentimita 5 juu ya mdomo, na pipa lisimame juu ya matofali mawili ili maji ya uani yasifikie matundu ya chini. Mkaa na kuni za akiba zikae kwenye ndoo yenye kifuniko. Mvua ikija katikati ya kazi, funika kwa bati linaloegemea, msivute pipa kuliingiza barazani wala gereji. Monoksidi ya kaboni ya mkaa haina harufu, na baraza lililofungwa pande tatu linatosha kuikusanya.

mpishi_uani

Barafu: sindano ya nyama imesoma 3, ya pipa 0. Inarudi oveni saa nyingine.